Kishikwambi hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Mwishoni mwa mwaka 2017 vishikwambi vilianza kugawiwa katika vijiji vya pembezoni vya mkoa wa Tanga. Kwa miezi 15 iliyofuata, karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili wakitumia vifaa hivyo, bila mwalimu kusimama mbele yao. Lilikuwa shindano la kimataifa, Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15 za Marekani zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Lilitangazwa mwaka 2014, timu 198 zikajiandikisha, tano zikafika fainali. Kipimo cha mwisho kikafanyika Tanga kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani.

Watoto walipimwa kabla ya kuanza. Asilimia 74 walisemekana hawajawahi kuhudhuria shule. Asilimia 80 walikuwa hawajawahi kusomewa kitabu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Matokeo yalipotangazwa Mei 2019, kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno moja lilikuwa limepungua kwa nusu, na programu zote tano zilikuwa zimewafaa wasichana sawasawa na wavulana. Zawadi kuu waligawana onebillion ya Uingereza na Kitkit School, iliyoundwa na watu wa Korea Kusini na Marekani.

Kuna namna mbili za kuzisoma takwimu hizo. Mmoja atasema nusu ya watoto wameokolewa. Mwingine atauliza habari za nusu iliyobaki, ambayo baada ya mwaka na robo ya kubonyeza kioo bado haikuweza kusoma neno. Wote wawili wana haki. Kinachonivutia mimi zaidi ni masharti waliyopewa watengenezaji, maana masharti ya aina hiyo ni adimu sana katika biashara ya teknolojia ya elimu.

Timu ziliambiwa mapema nani atatumia kazi yao: mtoto asiyejua kusoma, asiye na intaneti, asiye na umeme wa gridi, asiye na mtu mzima wa kumwonyesha pa kubonyeza, na anayefundishwa kwa Kiswahili. Mtengenezaji akiyakubali hayo tangu siku ya kwanza, kazi yote inabadilika. Maelekezo hayawezi kuwa ya maandishi, kwa sababu anayelengwa hajui kusoma. Programu haiwezi kutegemea kupakua chochote. Masomo ya kusoma lazima yafuate silabi za Kiswahili, ba be bi bo bu, na si herufi za Kiingereza, ambazo nyingi zina sauti zaidi ya moja. Na kabla ya somo la kwanza, lazima mtu afikirie kifaa kitachajiwa wapi, ndiyo maana vituo vya umeme wa jua vilijengwa vijijini kabla ya mtoto yeyote kuanza kujifunza.

Sehemu kubwa ya teknolojia ya elimu inayouzwa duniani imetengenezwa kwa masharti ya kinyume. Mtoto aliye akilini mwa mtengenezaji ana kifaa chake mwenyewe, ana intaneti isiyokatika, ana meza na kona tulivu ya kusomea, anaongea Kiingereza, na mzazi wake anajua maana ya nywila. Bidhaa ikishakamilika ndipo inatafutiwa njia ya kuwafikia wengine, wale ambao hawakuwahi kufikiriwa. Upendeleo unaingia hapo, mapema kabisa, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, na ukishaingia haung'oki kwa kutafsiri vitufe.

Mwaka ambao redio ilirudi darasani

Machi 2020 shule zilifungwa katika nchi nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu ya korona. Tanzania ilizifungua zote tarehe 29 Juni, baada ya kidato cha sita na vyuo kutangulia Juni 1. Kenya ilisubiri zaidi. Tarehe 7 Julai, waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Madarasa machache yalirudi Oktoba, na wanafunzi wote Januari 2021.

Wakati shule zimefungwa, masomo ya Kenya yalipitishwa katika redio ya KBC, runinga, YouTube na tovuti ya taasisi ya mitaala, KICD. Kwenye karatasi hakuna aliyeachwa. Shirika la Usawa Agenda lilipowauliza wazazi, liligundua kwamba watoto 22 hivi tu kati ya 100 ndio waliokuwa wanafuata masomo ya kidijitali, na wa shule za binafsi walikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko wa shule za umma. Desemba mwaka huohuo UNICEF na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano walikadiria kwamba watoto na vijana bilioni 1.3 duniani, wa miaka mitatu hadi 17, hawakuwa na intaneti nyumbani. Hiyo ni theluthi mbili ya wote wa umri huo.

Katikati ya hekaheka hizo, Kenya ilipata intaneti kutoka mawinguni, na sisemi kwa mafumbo. Julai 2020 kampuni ya Loon, ya familia moja na Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha baluni zilizobeba minara ya intaneti juu ya eneo la takriban kilomita za mraba 50,000. Uhandisi wake ulikuwa wa kustaajabisha. Lakini mawimbi yaliyoteremka kutoka angani yalikuwa ya 4G, na mwenye kiswaswadu hakupata chochote zaidi ya kutazama juu. Januari 2021, mwezi uleule watoto wote wa Kenya waliporudi darasani, kampuni mama ilitangaza kuifunga Loon kwa kuwa gharama zimeshindikana.

Kisa hicho kinafundisha jambo ambalo takwimu za muungano wa kampuni za simu, GSMA, zinalithibitisha. Mwishoni mwa 2023, katika nchi za Afrika Kusini mwa Sahara, ni asilimia 13 tu ya watu walioishi mahali ambako intaneti ya simu haijafika. Asilimia 60 waliishi ndani ya eneo lenye mtandao lakini hawakuutumia. Mnara upo na mlima umeshapandwa. Kilichokosekana ni bei ya simu janja, bei ya bando, ujuzi, na jambo la kusoma kwa lugha anayoielewa mtu. Mwanasiasa anayehesabu minara anahesabu kitu rahisi zaidi kuhesabika.

Kuna hesabu nyingine isiyoonekana katika ripoti nyingi: simu ya nyumbani ni ya nani? Katika familia nyingi ni moja, na ni ya baba. Inaondoka naye asubuhi na kurudi naye usiku, ikiwa na chaji kidogo. Wakati huo wa usiku msichana anaosha vyombo na kaka yake amekaa. Mwalimu anayetuma kazi kwenye kundi la WhatsApp saa nne asubuhi amekwisha kuwachuja wanafunzi wake bila kujua.

Ahadi ya darasa la kwanza

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani Kenya ukiwa na ahadi ya kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa. Ahadi ikageuka kuwa ya vishikwambi, na kuanzia 2016 vifaa zaidi ya milioni moja vikagawiwa katika shule za msingi za umma. Baada ya miaka michache mpango ukaanza kusogezwa kuelekea vyumba vya kompyuta vya pamoja.

Vishikwambi vingi viliishia kabatini, na sababu yake ni ya kibinadamu mno. Mwalimu mkuu aliambiwa aandae chumba chenye nondo madirishani na kufuli imara. Kifaa kikiibwa, yeye ndiye atakayeulizwa. Walimu walipewa mafunzo ya siku chache, kisha wakaachiwa madarasa yenye watoto wengi kuliko vifaa. Katika hali hiyo mtu mwenye akili timamu anafunga kabati na kuendelea na chaki. Wapo waliomlaumu mwalimu kwa kuogopa teknolojia. Naona alikuwa anasoma mazingira yake vizuri kuliko waliomletea mzigo huo.

Hata hivyo mpango ule uliacha kitu kimoja cha maana ambacho wakosoaji husahau. Ili vishikwambi viwake, maelfu ya shule za msingi za vijijini ziliunganishwa na umeme. Kwa shule nyingi taa ya darasani ilikuwa faida kubwa kuliko kile kilichokusudiwa kuchajiwa. Tanzania nayo iliokota njia isiyotarajiwa: vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi kwisha. Ninaupenda uamuzi ule kwa sababu moja, nayo ni kwamba ulianza na mwalimu. Kishikwambi chenye silabasi na vitabu vya Taasisi ya Elimu mkononi mwa mwalimu mmoja kinawafikia wanafunzi sabini. Vishikwambi kumi vinavyogombaniwa na wanafunzi haohao haviwezi.

Mashine inayosahihisha

Hadi hapa nimezungumzia anayepata na anayekosa. Ipo shida ya pili, ngumu zaidi kuiona: anayepata kifaa, kisha kifaa kikamhukumu vibaya.

Mfano mkubwa ulitokea Uingereza, nchi isiyo na uhaba wa umeme wala bando. Mwaka 2020 mitihani ya A-level ilifutwa kwa sababu ya korona, na mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikatumia kanuni ya kompyuta kukadiria alama. Kanuni iliangalia mwalimu amempanga mwanafunzi nafasi ya ngapi darasani, kisha ikaangalia shule hiyo ilifanyaje miaka ya nyuma. Matokeo yalitoka Agosti 13. Karibu asilimia 40 ya alama zilizokuwa zimependekezwa na walimu zilishushwa. Mtoto hodari katika shule iliyokuwa na historia ya kushindwa alivutwa chini na wanafunzi wa miaka iliyotangulia asiowahi kukutana nao. Kwa upande mwingine, madarasa madogo sana yaliachiwa alama za mwalimu kwa kuwa takwimu zake zilikuwa chache mno kwa hesabu hiyo, na madarasa madogo yamejaa zaidi katika shule za kulipia. Wanafunzi waliandamana mbele ya wizara. Siku nne baadaye serikali ilirudi nyuma na kukubali alama za walimu.

Hakuna mtu aliyeandika katika kanuni ile kwamba watoto wa maskini wapunguziwe. Hesabu ilikuwa safi na makosa yalikuwa katika kile kilichohesabiwa. Tunapaswa kuliangalia hilo kwa makini sisi ambao jina la shule limekuwa kama ukoo wa pili wa mtoto. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, wengi walinung'unika. Kompyuta ikipewa orodha za aina ile na kuambiwa ikadirie nani atafaulu, itarudisha orodha ileile.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na vyuo vyetu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wahadhiri wengi wamekimbilia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saba kati ya hizo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani karibu zote zilipita salama.

Sababu inaeleweka. Programu hizo hupima jinsi neno linalofuata linavyoweza kubashiriwa. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia maneno ya kawaida na miundo aliyoizoea, hivyo anabashirika. Sasa mfikirie kijana wa Kisumu au Morogoro aliyefundishwa Kiingereza kwa kukariri. Tangu shule ya msingi amekuwa akipewa alama kwa kuanza aya kwa viunganishi rasmi na kwa misemo ya kuazima kutoka vitabu vya marudio. Mfumo wa mitihani uliomtengeneza ulitaka aandike hivyo, na leo anaitwa mdanganyifu kwa kutii. OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya utambuzi Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Wenye ChatGPT wakishindwa, sielewi mhadhiri anapata wapi ujasiri wa kumfelisha mwanafunzi kwa asilimia iliyoonyeshwa na programu ya bure.

Kuna kejeli nyingine ndani yake. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili ChatGPT iwe salama kwa watumiaji. Kazi ya kuisafisha mashine ilifika kwetu mapema. Manufaa yake yanafika zaidi kwa Kiingereza.

Lugha ya somo na bei ya neno

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilitaja kwamba asilimia 92 ya maudhui katika maktaba ya kimataifa ya OER Commons, moja ya hazina kubwa za masomo ya bure mtandaoni, yako kwa Kiingereza. Neno bure hapo linahitaji kutazamwa mara mbili. Mwanafunzi wa darasa la tano Newala hafaidiki na somo la bure asiloweza kulisoma.

Katika akili bandia jambo hili lina bei halisi. Kampuni nyingi hutoza kwa vipande vya maneno, na mashine zilizolelewa kwa Kiingereza hulikatakata neno la Kiswahili katika vipande vingi kuliko neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo. Shule mbili zikinunua huduma ileile, ile inayofundisha kwa Kiswahili inaweza kulipa zaidi kwa swali lilelile na kupata jibu dhaifu zaidi. Hakuna waziri aliyepitisha kodi hiyo.

Zipo juhudi za kurekebisha. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za Kiswahili za watu wanaojitolea ili mashine zijifunze kutusikia. Kazi hiyo inahitaji sauti za wanawake, za wazee, za Pemba na Mombasa na Lubumbashi, na hasa za watoto, ambao hata kwa Kiingereza mashine hupata tabu kuwasikia. Programu ya kusoma iliyozoea sauti za wanaume wa mjini itamwambia mtoto wa Micheweni amekosea, na mtoto ataamini.

Kuanza na mtumiaji kabla ya chombo si jambo geni kwetu kwa kiwango tunachojidanganya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili walishiriki. Hawakuambiwa kila mmoja anunue redio. Walikaa katika vikundi, redio moja kwa kundi, wakiwa na kijitabu cha Kiswahili chepesi na kiongozi aliyefundishwa namna ya kuendesha mazungumzo baada ya kipindi. Kisha wakaenda kuchimba vyoo. Waliopanga kampeni ile walianza na mkulima asiyesoma vizuri na mwenye kazi shambani hadi jioni, ndipo wakauliza ni chombo gani kitamfaa. Zanzibar ilitumia fikra hizo kwa watoto miongo mitatu baadaye, katika vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze.

Malawi sasa inafanya kitu kinachofanana, kwa programu ileile ya onebillion iliyoshinda Tanga. Tofauti kubwa ni kwamba imeingizwa ndani ya shule: watoto wa madarasa ya chini hutumia kishikwambi karibu saa moja kwa siku, kwa umeme wa jua, chini ya macho ya mtu mzima, kisha hurudi kwa mwalimu wao. Utafiti uliofanywa huko na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba pengo la hisabati kati ya wavulana na wasichana, ambalo huanza kufunguka katika madarasa ya kawaida ya mwanzo, halikufunguka kwa waliotumia programu hiyo. Nadhani ndoto ya mashindano ya Tanga, ya mtoto kujifunza bila mwalimu kabisa, ilikuwa sehemu dhaifu ya wazo zuri. Nusu ile iliyobaki bila kusoma ilihitaji mtu.

Bajeti za halmashauri zinaandaliwa kila mwaka, na wauzaji wa programu za elimu wanabisha hodi kila mwaka. Wajumbe wa kamati za shule na madiwani wana haki ya kumwuliza muuzaji mambo ambayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Programu inafanya kazi bila bando? Inasema Kiswahili cha watoto wetu, na imejaribiwa na watoto wa wapi? Nani atafundisha walimu baada ya nyie kuondoka? Ikimpa mtoto alama isiyo haki, mzazi anamlalamikia nani? Muuzaji asiye na majibu arudi akayatafute. Na kabla ya kununua kishikwambi kimoja, halmashauri ibandike ukutani orodha ya shule zake zisizo na umeme, ianzie hapo.